Stelingi Hafi: Nilivyoonyesha Night of the Living Dead kwenye banda letu Ngamiani

Jumamosi iliyopita, karibu saa tano usiku, filamu iliisha kwenye banda letu la video hapa Ngamiani, Tanga, na hakuna aliyenyanyuka. Nina miaka 11 naendesha banda hili baada ya kaka yangu kuhamia Dar. Nazijua tabia za watazamaji wangu: maandishi ya mwisho hayajaanza kupanda, mabenchi yameshaanza kugongana na watu wanatafutana viatu gizani. Safari hii watu 27 walikaa wakilitazama shuka jeupe tunalolifanya kioo. Hatimaye fundi seremala aliyekuwa benchi la mbele akageuka na kuniuliza, kana kwamba ni mimi niliyeiandika hadithi:

"Dada, si tunasema stelingi hafi?"

Aliyekulia bandani anaijua sheria hiyo kuliko anavyoijua katiba. Stelingi, yule shujaa mkuu wa muvi, anapigwa, anafungwa kamba, anatupwa mtoni na gunia la mawe shingoni, na ukimwona amezama unatabasamu kwa sababu unajua atatokea. Mtoto akianza kulia, mkubwa wake anamwambia nyamaza, stelingi hafi. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka saba, nimekaa mapajani kwa kaka. Fundi hakuwa anatania. Alikuwa amekasirika kwelikweli, na niliipenda hasira yake, kwa sababu nami nilikasirika hivyo hivyo mara ya kwanza nilipoitazama peke yangu kwenye simu.

Naizungumzia Night of the Living Dead, filamu ya kutisha ya mwaka 1968 iliyoongozwa na George A. Romero akiwa na wenzake wa mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Nitaeleza mpaka mwisho, maana maoni ya watazamaji wangu hayaeleweki bila mwisho. Anayetaka kuiona kwanza akaione, ni saa moja na dakika 36 tu, kisha arudi asome.

Kuipata ni rahisi, na sababu ya urahisi huo inanisikitisha kila nikiikumbuka. Kabla ya kutoka iliitwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji akalibadilisha, na ile picha ya jina la zamani iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa na alama ya hakimiliki. Jina jipya likawekwa bila alama. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kazi ikitoka hadharani bila alama hiyo ilikuwa imepoteza ulinzi wake. Vijana waliohangaika nayo wakabaki wanatazama kila mwenye mashine ya kunakili akiiuza kazi yao, halali kabisa, bila kuwapa senti. Fedha nyingi zikaingia mifuko isiyotoa jasho. Lakini ni kwa mlango huohuo filamu imenifikia mimi mwenye banda la mabati. Nimeipakua mtandaoni bila kumwibia mtu, na mwenye banda anayejali kazi za wasanii anajua hilo lina uzito gani moyoni.

Sasa nianze na gharama, kwa sababu vijana wetu wanaotengeneza muvi hupenda kuniambia hawana bajeti. Hii iligharimu takriban dola 114,000, fedha ndogo sana kwa filamu ndefu ya Marekani hata kwa enzi hizo. Walianza watu 10, kila mmoja akatoa dola 600, kama mchezo wa kupeana, ila hapa hakuna aliyepokea kwanza. Kazi yao ya kila siku ilikuwa kutengeneza matangazo ya biashara ya televisheni. Nyumba ya shamba tunayoiona karibu filamu nzima ilikuwa inasubiri kubomolewa, ndiyo maana wakapewa wavunje milango na kupigilia misumari watakavyo. Wafu wengi ni watu wa kawaida wa eneo la Evans City na jirani zake, waliokuja kusimama usiku kwenye nyasi wakiwa na nguo zao za nyumbani. Damu ni sharubati nzito ya chokoleti. Picha haina rangi, nani atajua? Nyama na matumbo vinavyotafunwa vilitoka bucha. Karl Hardman, anayeigiza bwana mkorofi Harry Cooper, ni mmoja wa watayarishaji, na mtoto mgonjwa aliyelazwa chini ya nyumba ni binti yake wa kumzaa, Kyra Schon. Russell Streiner, anayekufa wa kwanza kabisa makaburini, naye ni mtayarishaji. Yaani mwenye kutafuta fedha ndiye anayeigiza, ndiye anayebeba taa. Ukiangalia kwa jicho la kazi unauona umaskini kila mahali, na kila mahali wameugeuza kuwa faida. Muziki, kwa mfano, wameuokota kwenye hazina ya muziki uliokwisha kurekodiwa kwa kazi nyingine, na bado ule mlio wa nyenje unaojaza usiku wa nje ya nyumba ndio ulionitia baridi kuliko ngoma zote.

Nilitoza kiingilio shilingi 500 kama siku zote. Nilizuia watoto mlangoni, na nitaeleza kwa nini baadaye. Sikuweka mtafsiri wa kupiga kelele juu ya picha, wale wa muvi zilizotafsiriwa ambao mashabiki wangu wanawapenda. Nilisimama pembeni ya shuka na kutafsiri mwenyewe pale tu panapohitajika: taarifa za habari, na ugomvi wa ndani ya nyumba. Kwingine niliacha macho yafanye kazi.

Dakika za kwanza zilinitisha kwa sababu zangu. Picha nyeusi na nyeupe ilipotokea, gari likipanda kilima kuelekea makaburini, vijana wa bodaboda nyuma walianza kuguna. "Anti, televisheni imeharibika?" Wawili walitoka kabla ya dakika ya 20, na siwalaumu. Wamezoea maiti zinazokimbia kama mbwa. Hizi zinajikokota. Mmoja aliniambia nje ya mlango, "Hao hata bibi yangu anawakimbia," na kwa kweli ndani ya filamu yenyewe mkuu wa askari wa kaunti anakiri kuwa ni wazito. Alichokikosa kijana yule ni kwamba woga wa filamu hii haupo kwenye kasi.

Walioshikwa mapema ni kina mama. Ndugu wawili, Barbra na Johnny, wamesafiri mwendo mrefu kwenda kuweka shada kwenye kaburi la baba yao. Johnny analalamika njia nzima. Anasema uso wa baba hata haukumbuki, anadharau sala ya dada yake, kisha anaanza kumtisha kwa sauti ya mzuka kwamba wanakuja kumchukua, palepale juu ya kaburi. Nilisikia benchi zima la wanawake likivuta pumzi. Mama anayeuza vitumbua pale kona ya barabara yetu, mtu asiyekosa kuzuru makaburi kila mwaka kabla ya Ramadhani, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyu harudi nyumbani." Sekunde chache baadaye mzee mrefu anayeyumba kati ya makaburi akamshika. Mama hakushangilia. Alitikisa kichwa tu.

Na hapa ndipo neno lilipoanza kutembea bandani: misukule. Filamu yenyewe haiwaiti zombi hata mara moja. Inawaita kwa neno la mazimwi yalao watu. Lakini kwetu mtu aliyekufa akaonekana anatembea ana jina lake tayari. Fundi baiskeli akauliza swali ambalo kwangu ndilo maoni bora kuliko yote ya usiku ule: "Misukule ya nani?"

Tafakari hilo swali. Msukule wa hadithi zetu ana mwenyewe. Amekatwa ulimi, analishwa pumba, analima shamba la mtu usiku. Ukimkuta msukule, kuna jirani tajiri wa kumshuku, na kuna mganga wa kumwendea. Hata zombi wa Haiti, ambako neno hilo lilisafiri mpaka Marekani, alikuwa mtumwa wa aliyemfufua. Romero aliondoa bwana. Wafu wake hawatumwi na mtu, hawalimi shamba la mtu, hawana kisasi wala deni. Wanatembea na wana njaa, basi. Ndani ya filamu televisheni inataja mionzi iliyokuja na chombo kilichotoka sayari ya Zuhura, wanasayansi wanabishana na wanajeshi mbele ya kamera, na hakuna anayethibitisha lolote. Nilipomjibu fundi kwamba hawana mwenyewe, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hiyo ni mbaya zaidi. Utampigia nani magoti?" Nimesoma na kusikiliza watu wengi wakiizungumzia filamu hii. Sijakutana na aliyeifikia kwa njia fupi kama ile.

Barbra anakimbilia kwenye ile nyumba, na humo anaingia Ben, ambaye ndiye stelingi wetu. Ben ni mtu mweusi, na anaigizwa na Duane Jones. Anawasha taa, anatafuta nyundo, anavunja meza apate mbao. Hakuna hotuba. Banda lilimpenda palepale. Fundi seremala alianza kumkosoa kama fundi: mbao zimepigiliwa kwenye fremu kwa pembe mbaya, mapengo ni makubwa, misumari mifupi. Lakini alikuwa anamkosoa kama mwenzake aliye kazini, na kila msumari ulipoingia alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali.

Barbra ndiye aliyeleta ubishi wa kwanza. Baada ya kufika ndani anazubaa. Anakaa kwenye kochi, hasemi jambo la maana, hashiki nyundo. Dada wa saluni alimchukia: "Mimi ningeshika hata sufuria." Wanawake wengi waliotazama filamu hii miaka yote hii wamelalamika hivyo, kwamba mwanamke mkuu amegeuzwa kuwa mzigo, na lawama hiyo ina haki yake. Mimi sikubaliani nayo yote. Kuna mahali anakaa akikipapasa kile kitambaa cha kufuma kilichotandikwa kwenye mkono wa kochi, anakipapasa tena na tena. Shangazi yangu alikaa hivyohivyo siku tuliyoletewa habari ya mwanawe aliyezama. Kochi lilelile la sebuleni, kitambaa kilekile cha kufuma alichokifuma mwenyewe, na kidole kikizunguka ua moja kwa saa nzima. Judith O'Dea anayeigiza Barbra aliona jambo la kweli, na sitamwacha mtu aseme hajui kuigiza.

Kisha Barbra anampiga Ben kibao, na Ben anamrudishia ngumi anazimia. Wanaume wawili watatu walicheka. Sikupenda, na niliwaambia. Mwalimu mstaafu anayekaa siku zote karibu na mlango ndiye aliyetueleza uzito wa lile tukio: mwaka 1967, filamu ilipopigwa, mtu mweusi kumgusa tu mwanamke wa kizungu katika baadhi ya sehemu za Marekani kulitosha kumfanya atundikwe mtini. Duane Jones mwenyewe alikuwa na wasiwasi na tukio lile kwa sababu hiyohiyo. Hakuwa mtu wa kusoma mistari tu. Alikuwa msomi aliyefundisha. Ben aliandikwa kwanza kama dereva wa lori mwenye maneno ya ovyo, Jones akayakataa maneno hayo na kumpa Ben lugha yake mwenyewe. Romero alieleza mara nyingi kwamba hakumchagua kwa rangi, alimchagua kwa kuwa ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote kwenye majaribio. Na kweli, hakuna mtu hata mmoja ndani ya nyumba ile anayeitaja rangi ya Ben. Cooper anamchukia kwa kila sababu isipokuwa hiyo, na bado unaisikia.

Hapo ndipo penye moyo wa filamu, kwenye huo ugomvi wa Ben na Cooper. Cooper, mkewe Helen na binti yao aliyeng'atwa walikuwa wamejificha chini ya nyumba muda wote, pamoja na vijana wawili wapenzi, Tom na Judy. Huku kwetu nyumba hazina chumba cha chini ya ardhi, ikabidi nitafsiri "handaki" na kueleza kwamba ni kama stoo iliyochimbwa. Cooper anataka wote washuke handakini, wafunge mlango, wasubiri. Ben anataka wabaki juu penye madirisha, redio na njia ya kutokea. Handaki, anasema, ni mtego wa panya wenye mlango mmoja.

Nilikuwa natafsiri, na banda likagawanyika katikati kama siku ya Simba na Yanga. Vijana na mafundi walikuwa na Ben. Mama wa vitumbua, dada wa saluni na mwalimu walikuwa na Cooper, na mama alisema jambo lililonyamazisha watu: "Yule ana mtoto mgonjwa chini. Mwenye mtoto mgonjwa hapigani dirishani." Mtu akamjibu Cooper ni mwoga na ana roho mbaya. "Roho mbaya anayo," mama akasema, "lakini handaki ni handaki."

Wengi wetu pale tumepanga. Nyumba ninayokaa ina vyumba sita na mita moja ya umeme wa LUKU, na nimewahi kushuhudia watu wazima wakikaa gizani siku tatu kwa sababu chumba namba nne hakutaka kuchangia kabla ya chumba namba mbili. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kinachotokea mle. Watu saba, wengi wao hawajuani, nyumba moja, bunduki moja, na kila mmoja anataka aonekane ndiye aliyesema kweli. Nje wafu wanaongezeka taratibu. Hawana haja ya kukimbia, wanasubiri walio hai wamalizane.

Mpango wa kutoroka kwa pikapu unaharibika kwa namna inayouma. Ufunguo wa pampu ya mafuta haufungui, Ben anaipiga kufuli risasi, mafuta yanamwagikia mwenge, pikapu inashika moto. Judy amenaswa koti, Tom anarudi kumtoa, pikapu inalipuka. Kisha wafu wanakula. Ni sehemu hiyo iliyonifanya nizuie watoto. Mhakiki Roger Ebert aliandika mwanzoni mwa 1969 juu ya onyesho la mchana alilohudhuria huko Marekani, ukumbi umejaa watoto walioletwa na wazazi wakidhani ni yale maigizo ya mazimwi ya kuchekesha. Watoto walinyamaza. Alimwona msichana mdogo, labda wa miaka tisa, amekaa kimya akilia. Utaratibu wa Marekani wa kupanga filamu kwa umri ulianza Novemba 1968, mwezi mmoja baada ya filamu hii kuzinduliwa Pittsburgh Oktoba 1, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwazuia mlangoni. Mimi nipo mlangoni, ndiyo kazi yangu. Mtoto wa jirani aliyeniita anti mara kumi ili nimwachie aingie bado amenuna, na ataendelea kununa.

Kuna kasoro. Taarifa za televisheni katikati ni ndefu mno, na nikiwa mtafsiri nilizihisi kooni. Usiku na mchana wa nje wakati mwingine haupatani kutoka picha moja hadi nyingine. Sauti za mle ndani zinapanda na kushuka. Kuna wafu wachache ambao ukiwatazama vizuri ni watu waliopakwa unga tu. Filamu ilipotoka, gazeti la biashara ya sinema Variety liliishambulia vikali, likaiita karamu ya ukatili. Naelewa kwa nini mtu aliyeingia bila kujua aliandika hivyo. Mwaka 1999 filamu hiyohiyo ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu zinazopaswa kuhifadhiwa. Maneno yote mawili yameandikwa juu ya dakika zilezile 96.

Robo saa ya mwisho sikutafsiri karibu lolote. Taa zimezima, mikono inaingia kwenye yale mapengo ambayo fundi alikuwa ameyalalamikia. Ben anampiga Cooper risasi. Mtoto aliyeng'atwa amekufa na ameamka. Anamtafuna baba yake, na mama yake, aliyeshuka kumtazama, anauawa kwa mwiko wa mwashi uliokuwa ukutani. Helen hapigani. Analiita jina la mtoto. Mama wa vitumbua alijifunika uso kwa kanga, na mwanamke aliyekuwa pembeni yake akamshika mkono. Mlango wa mbele unaachia, na kati ya wafu wanaoingia yupo Johnny, yule wa makaburini, bado amevaa glavu zake za kuendeshea gari. Amekuja kumchukua dada yake. Barbra, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amezinduka na kusukuma mlango, anamwona ndugu yake, na nguvu zinamwisha. Fundi baiskeli alisema kwa sauti ndogo, "Lile alilomtania."

Ben anabaki peke yake. Anashuka handakini, anafunga mlango, na anapona. Pale pale Cooper aliposema. Banda lilielewa mara moja, na wale wa upande wa mama hawakutamba. Walikuwa wanatazama chini.

Asubuhi inafika na ndege wanaolia. Askari na raia wenye bunduki na mbwa wanatembea kwenye nyasi, wanakunywa kahawa, wanapiga maiti risasi za kichwa kama watu wanaofyeka shamba. Vijana wangu walianza kushangilia, waokozi wamefika. Ben anasikia, anapanda ngazi polepole, bunduki mkononi, anachungulia dirishani. Mtu anaelekezwa ampige katikati ya macho. Anapiga. Mkuu wao anasifu shabaha, anasema huyo ni mwingine wa kutupwa motoni. Sentensi ile niliitafsiri, na nilipofika kwenye "motoni" sauti ilikatika. Baada ya hapo ni picha mgando, za chengachenga kama picha za gazeti la zamani: wanaume wazungu, kulabu za bucha, mwili wa Ben ukibebwa, kuni. Majina yanapita juu ya picha hizo.

Swali la fundi lilikuwa bado linaning'inia. Mwalimu ndiye aliyelijibu, akiwa bado amekaa. Alisema Aprili 1968 alikuwa shule ya msingi, na alisikia kwenye redio ya jirani kwamba Martin Luther King ameuawa. Aliona watu wazima wakisimama barabarani bila kusema. Nikamwambia nilichokuwa nakijua: usiku wa Aprili 4, 1968, Romero na Streiner walikuwa ndani ya gari wakiipeleka filamu hii, ikiwa imekamilika, New York kutafuta mnunuzi, na habari hiyo wakaisikia kwenye redio ya gari. Mwisho wa Ben ulikuwa umeshapigwa. Na Duane Jones alieleza baadaye kwamba kulikuwa na mawazo ya kumwokoa Ben, yeye akashikilia kwamba watu weusi wangependelea kumwona amekufa kuliko kuokolewa kwa uongo baada ya yote yaliyokuwa yametokea. Fundi alisikiliza, akavaa kofia yake. "Kwa hiyo stelingi alikataa mwenyewe kupona," akasema. Nikamwambia ndiyo, tunaweza kusema hivyo.

Ukitaka kuionyesha, tafuta nakala iliyosafishwa mwaka 2016 kwa kazi ya jumba la sanaa la Museum of Modern Art la New York na taasisi ya The Film Foundation. Kwa kuwa kila mtu ana ruhusa ya kuinakili, mtandao umejaa nakala chafu ambazo usiku wake ni lami tupu, huoni mkono wala dirisha. Nilijaribu moja kama hiyo kwanza, ni kuwadhulumu watu kiingilio. Usichukue zilizopakwa rangi: sharubati ya chokoleti ikitiwa wekundu inageuka utani, na zile picha mgando za mwisho zinapoteza kabisa ule ugazeti wake. Zima taa zote, hata ya mlangoni. Na itazame na watu, wa umri tofauti, wenye kubishana. Peke yangu kwenye simu niliona filamu ya maiti. Bandani niliona filamu ya nyumba.

Usiku ule watu waliondoka kwa makundi, tochi za simu zimewaka, hata wanaokaa nyumba ya tatu. Jumapili alfajiri nilikwenda kununua vitumbua. Mama hakunisalimia vizuri, alikuwa anageuza chuma chake na ana jambo.

"Mwanangu," akaniambia, "kwa nini hakupiga kelele? Angesema tu nipo, mimi ni mtu. Maiti haisemi."

Sikuwa na jibu. Nimeirudia sehemu ile mara nne tangu siku hiyo. Ben anapanda ngazi, anasikiliza, anasogea dirishani na bunduki yake, uso umechoka, mdomo umefungwa. Kila mara najikuta namsubiri aseme. Jumamosi hii naionyesha tena, na mama ameshanilipa 500 yake, ameniambia nimwekee benchi la mbele.